Mtori Aliokula Nguruwe

Asubuhi ya Marangu huanza na moshi wa jikoni na sauti ya ng'ombe akidai majani. Nyumbani kwa Elinipendo ilianza pia na mtori. Ndizi mbichi zilimenywa, zikachemshwa pamoja na nyama, zikapondwa mpaka zikawa laini na nzito. Kisha Elinipendo alibeba bakuli kubwa, akapita katikati ya migomba na mibuni, mpaka nyumba ya pili iliyokuwa katika kihamba hichohicho, yaani shamba la ukoo lenye nyumba zao. Humo aliishi Aikande, mke wa mwanawe.

"Kula, Mama Calvin," alisema kila siku. "Kula wewe, na huyo wa tumboni naye ale."

Aikande alikuwa na mimba ya miezi saba. Mumewe, Eliufoo, alikuwa mpagazi wa watalii na mara nyingi alikuwa mlimani. Mtoto wao wa kwanza, Calvin, alizaliwa na kilo nne na nusu. Aikande alichanika, akashonwa, akakaa kitandani muda mrefu. Hayo hayakusimuliwa. Kilichosimuliwa ni zile kilo. Elinipendo alizitangaza kanisa zima, akisema mtoto yule alijengwa kwa mtori wake. Sasa alitaka kumjenga wa pili.

Aikande alilipokea bakuli kwa mikono miwili. Alisema, "Asante, Mama." Alisubiri mpaka mama mkwe apotee katika migomba. Kisha alikwenda nyuma ya nyumba, akaumwaga mtori wote katika kihori cha nguruwe.

Nguruwe yule alikuwa na bahati kuliko nguruwe wote wa Marangu. Alinenepa mpaka majirani wakauliza analishwa nini. Aikande alijibu kwamba ni maganda tu, na kila alipojibu hivyo uso ulimwaka kwa aibu.

Aibu yenyewe ilianzia kliniki. Mwezi mmoja na nusu kabla ya hapo, Aikande alikwenda kupima mimba. Alikuwa na kiu isiyokwisha na alikojoa mara nyingi, lakini alidhani ni mambo ya mimba. Muuguzi alimpima sukari katika damu, akaikuta iko juu. Akamtuma hospitali ya mjini Moshi. Huko alipimwa tena, akaambiwa ana kisukari cha mimba.

Muuguzi wa Moshi aliitwa Kindness. Alikuwa mpole na alieleza mengi. Alieleza chakula, mazoezi, na jinsi ya kupima sukari kwa mashine ndogo. Lakini Aikande hakusikia hata nusu yake. Macho yake yalikuwa mlangoni. Aliogopa mtu wa kanisani kwao asije akapita akasikia neno kisukari likitajwa pamoja na jina lake. Aliporudi kliniki mara ya pili sukari ilikuwa bado juu, akapewa sindano za insulini. Kindness alimwambia akichoma ni lazima ale. Aikande aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayetaka kuondoka haraka.

Akabaki na jambo moja tu kichwani: sukari ni mbaya, chakula kinaleta sukari. Basi alipunguza kula. Mchana alikula kidogo. Asubuhi hakula kabisa. Sindano alichoma, kwa sababu aliambiwa inamlinda mtoto. Dawa aliificha katika ghala la kahawa, ndani ya chungu kilichowekwa mahali penye ubaridi. Hilo la chungu alilisikia vizuri, na alilifanya vizuri.

Kwa nini hakusema nyumbani? Siku moja msibani, watu walimtaja mama mmoja wa mji wa Mkuu aliyeugua kisukari. Elinipendo alitikisa kichwa. "Huo ni ugonjwa wa watu wa kula ovyo," alisema. "Katika ukoo wetu haupo, tunamshukuru Mungu." Alilisema kama jambo dogo, kisha akaendelea kumenya ndizi za msiba. Aikande alikuwa amekaa karibu naye. Maneno yale aliyabeba mpaka nyumbani, akayaweka mahali pamoja na ile sindano.

Jumapili moja ya mwezi wa Agosti, mambo yaliharibika.

Asubuhi Aikande alichoma insulini. Mtori uliletwa, nguruwe akaula. Aikande alivaa sare ya kwaya, akapanda kilima kwenda kanisani bila kuweka kitu mdomoni. Ibada ilikuwa ndefu. Kwaya tatu ziliimba. Baada ya ibada watu walitoka nje kwa mnada. Huo ni utaratibu wao. Walioleta mayai, jogoo au maziwa kama sadaka huviweka mbele, na wengine huvinunua kwa kushindana bei, huku wakitaniana.

Mkungu wa ndizi wa kwanza kunadiwa ulikuwa wa Elinipendo. Yeye ni mzee wa kanisa, na ndizi zake huheshimiwa. Mtu akataja bei. Aikande akataja kubwa zaidi. Kisha akataja nyingine juu yake. Kisha nyingine tena. Hapakuwa na mtu aliyeshindana naye. Alishindana na yeye mwenyewe, tena kwa mkungu uliotoka kihamba chake.

Watu walicheka. Walidhani anatania. Lakini Aikande hakucheka. Jasho lilimtoka usoni ingawa kulikuwa na baridi. Mikono ilimtetemeka. Maneno yake yalianza kuburuzika. Alitaka kukaa, akayumba, akamshika bega Ndelilio, kiongozi wa kwaya.

Ndelilio alimtazama, akasema kwa sauti iliyosikika, "Huyu kanywa mbege."

Kicheko kilikatika. Mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, wengi wao huinywa, tusidanganyane. Lakini si Jumapili asubuhi, si katika sare ya kwaya, na si kwa mwanamke mwenye mimba ya miezi saba. Elinipendo alikuwa amesimama karibu na mkungu wake. Aliinamisha macho, akajifunga upya kitenge ambacho hakikuwa kimelegea.

Wakati huo Lukresia alikuwa amefika kununua mayai. Lukresia ni jirani yao, Mkatoliki, na alikuwa ametoka misa ya kwanza. Alimwona Aikande ameketi kwenye nyasi, amelowa jasho. Hakuuliza maswali. Alikwenda kibandani, akanunua soda ya kawaida yenye sukari, akaipeleka mdomoni kwa Aikande. Alimwambia anywe polepole. Alipomaliza, baada ya muda kidogo, akamlisha ndizi mbivu na andazi. Baada ya kama robo saa Aikande aliinua kichwa. Alitazama nyuso zilizomzunguka, akaelewa wanafikiri nini.

Nyumbani, Elinipendo hakuketi. Alisimama mlangoni.

"Mama Calvin, nijibu bila kunificha. Ulikunywa?"

Hapa ndipo Aikande alipofanya jambo la ajabu. Alipima aibu mbili. Mlevi hutubu mbele ya kanisa, watu humsamehe, na baada ya muda husahau. Lakini ugonjwa wa sukari katika ukoo usio na sukari, huo ungesahauliwa lini? Wangesema ameuleta yeye, na mtoto angezaliwa na jina baya tayari. Akachagua aibu iliyoonekana nyepesi.

"Ndiyo, Mama," alisema. "Nilikunywa."

Elinipendo aligeuka akaondoka. Aikande alilia mpaka sare ya kwaya ikalowa kifuani. Aliona aibu kwa kosa ambalo hakulifanya, na aliona aibu zaidi kwa uongo ambao aliufanya.

Kesho yake asubuhi hakukuja mtori. Alikuja Elinipendo mwenyewe, lakini akitokea nyuma ya nyumba. Alikuwa amepitia kwa nguruwe. Mkononi alishika ukuni, na kwenye ncha ya ukuni palining'inia kipande cha nyama na ndizi iliyopondwa.

"Mbege unakunywa," alisema. "Mtori wangu unampa nguruwe. Unafikiri nakuwekea nini ndani yake?"

Kwa watu wa mlimani hilo si swali dogo. Kumwaga chakula cha mama mkwe kwa siri ni kama kusema anakulisha sumu. Aikande alitamani ardhi ipasuke immeze.

Ndipo Lukresia alipobisha hodi. Alikuwa amekuja kumjulia hali mgonjwa. Alimwamkia Elinipendo shikamoo, akaitikiwa kwa sauti ndogo. Akautazama ukuni, akamtazama Aikande, akaelewa kwamba hapo pana moto. Akaomba kukaa.

"Mama, nisamehe kwa kuingia katika mambo ya nyumba yako," alisema. "Lakini jana mkweo hakuwa amelewa. Mlevi haamshwi na soda. Ukimpa mlevi soda, utapata mlevi aliyekunywa soda."

Elinipendo alisema kwamba Aikande mwenyewe amekubali.

"Najua kwa nini mtu anaweza kukubali," Lukresia alijibu. Alimgeukia Aikande. "Dada, mimba yangu ya mwisho nilichoma sindano mpaka nikajifungua. Kutetemeka kule nakujua, na jasho lile nalijua. Sema mwenyewe. Mimi siwezi kukusemea."

Aikande alisema. Alianza na kiu, akaenda Moshi, akafika kwenye ghala la kahawa na kile chungu. Alisema yote akitazama sakafu. Mwisho alisema, "Niliogopa, Mama. Ulisema katika ukoo huu haupo."

Elinipendo alikaa chini kwenye kigoda, ukuni bado mkononi. Kisha alisema jambo ambalo hata Eliufoo mwanawe hakulijua. Baba yake Eliufoo alikufa na kidonda cha mguu kilichokataa kupona. Watu waliambiwa ni ajali ya jembe. Hospitali ilisema ni kisukari. Elinipendo aliona aibu, akalificha neno hilo miaka yote, na alipolisikia msibani alikuwa wa kwanza kulikana.

"Nimekufunga mdomo wewe kwa aibu yangu mimi," alisema.

Lukresia hakuwaacha walie mpaka mchana. Aliwaambia kisukari cha mimba si adhabu na hakitokani na ulafi. Mimba yenyewe huufanya mwili ushindwe kuitumia sukari vizuri, na wengine ugonjwa huo huwapata kwa urahisi zaidi, kwa mfano aliyewahi kuzaa mtoto mkubwa sana, au mwenye kisukari katika familia yake ya damu. Elinipendo akauliza, kwa hiyo zile kilo za Calvin? Lukresia akamjibu kwamba labda zilikuwa dalili, lakini hakuna aliyempima Aikande wakati ule. Elinipendo alifunika uso kwa kitenge. Zile kilo ndizo alizokuwa akijivunia.

Wiki hiyohiyo walikwenda Moshi wote wawili. Safari hii Aikande hakutazama mlango. Muuguzi Kindness alianza na lile la Jumapili, kwa sababu lingeweza kuua.

"Insulini inashusha sukari," alisema. "Ukichoma usipokula, inaishusha kupita kiasi. Ndiyo maana ulitetemeka na maneno yakapotea. Ukiona dalili hizo, kunywa soda yenye sukari au maji yenye vijiko vitatu vinne vya sukari papo hapo. Subiri robo saa, kisha pima. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ikishapanda, kula chakula."

Alimgeukia Elinipendo. "Nawe Mama, ukimkuta amezimia, usimtie kitu mdomoni, atapaliwa. Mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali."

Elinipendo aliuliza swali lililokuwa likimkaba tangu nyumbani. Je, mtori wake ni sumu?

Kindness alitabasamu. Alisema mtori si sumu. Ila ndizi, hata ikiwa mbichi na haina utamu, ikifika tumboni hugeuka sukari. Vivyo hivyo ugali, wali, viazi na uji. Sukari si ile ya kwenye kikombe cha chai peke yake. Kwa hiyo mtori uwe wa bakuli dogo, ndizi zipungue, nyama au maharage yaonekane, na pembeni pawe na mboga nyingi za majani. Mnafu unaomea kihambani bure ni mzuri sana. Ndizi mbivu iwe moja ndogo, tena pamoja na chakula. Juisi, soda na chai ya sukari viachwe, isipokuwa sukari inaposhuka. Mbege na pombe yoyote mjamzito asiguse.

"Na kushinda na njaa je?" Aikande aliuliza kwa aibu.

"Hiyo ndiyo mbaya kuliko mtori," Kindness alisema. "Kula milo mitatu kwa wakati wake, na kitu kidogo katikati, kama yai au karanga kiganjani. Baada ya kula tembea kidogo. Pima sukari kama tulivyokuonyesha, uandike. Dozi ya sindano usiibadilishe mwenyewe, njoo tuibadilishe sisi. Na mtoto akipunguza kucheza tumboni, usingoje kesho."

Alieleza pia kwa nini haya yote yana maana. Sukari ya mama ikiwa juu, humfikia mtoto. Mtoto hunenepa mno, na kuzaliwa kwake huwa kwa taabu. Baada ya kuzaliwa, sukari yake yeye inaweza kushuka ghafla. Anaweza hata kufia tumboni. Lakini mama akijitunza, wengi hujifungua salama. Elinipendo alimsikiliza bila kupepesa macho. Njiani kurudi, walipofika Himo, alishuka kununua mayai na karanga, na kwa mara ya kwanza alimuuliza Aikande anapenda nini.

Basi maisha yakabadilika, japo si kwa siku moja. Kuna siku Elinipendo alisahau akajaza bakuli, akarudi akapunguza huku akinung'unika. Kuna siku sukari ilipanda bila sababu waliyoijua, Aikande akakata tamaa, Lukresia akaja wakatembea pamoja mpaka barabarani na kurudi. Eliufoo aliposhuka mlimani alielezwa yote. Alimuuliza mkewe kwa nini hakumwambia. Aikande alisema hajui. Alijua, lakini aibu ilikuwa bado inamshika shati.

Kilichobaki kilikuwa kanisa. Ndelilio alikuwa amemwondoa Aikande kwenye kwaya mpaka atubu. Elinipendo alilijua hilo. Jumamosi moja jioni alimuuliza Aikande kama anaweza kulisema jambo lile mbele za watu. Aikande alikubali. Usiku alijuta, asubuhi akakubali tena.

Baada ya ibada, Elinipendo aliweka mkungu wake mbele kama kawaida. Kabla ya bei kutajwa, aliomba kusema. Kutoka kwenye kitenge chake alitoa jani la sale, lile jani refu ambalo Mchaga humpelekea mtu aliyemkosea. Kwa kawaida mdogo humpelekea mkubwa. Watu wakatazama jani hilo linaelekea wapi.

"Mlimwona mkwe wangu akiyumba hapa," alisema. "Mlisema amekunywa, na mimi niliamini. Hakunywa. Ana kisukari cha mimba. Alichoma sindano bila kula, sukari ikamshuka. Hakula kwa sababu aliniogopa mimi. Alikubali hata kuitwa mlevi, kuliko kuniambia kwamba anaumwa."

Alipita katikati ya watu, akampa Aikande lile sale kwa mikono miwili, kama Aikande alivyozoea kupokea bakuli.

Aikande alilipokea. Sale halikataliwi, na hakutaka kulikataa. Lakini tusijifanye kwamba aibu iliondoka palepale. Magoti yalimtetemeka, na safari hii haikuwa sukari, alikuwa amekula vizuri. Alitazama chini mpaka mnada ukaisha.

Watu walipokuwa wakitawanyika, Ndelilio alimfuata pembeni. Aikande alidhani anakuja kuomba radhi. Alikuja kwa jambo jingine kwanza. Alitazama huku na huku, akainamisha kichwa.

"Mama Calvin," alinong'ona, "binti yangu ana mimba ya miezi sita. Anakunywa maji usiku kucha. Mlikwenda kliniki siku gani?"

Aikande alimwambia siku. Kisha, bila kuombwa, alisema atamsindikiza. Akajishangaa, kwa sababu alilisema kwa sauti ya kawaida, na watu wawili watatu walisikia.

Mtoto wa kike alizaliwa hospitalini, mjini Moshi, mbele ya watu wanaojua kazi yao. Alikuwa na kilo tatu na kidogo. Alinyonyeshwa mapema, akapimwa sukari, ikawa sawa. Eliufoo alipomwona alisema kwa utani kwamba huyu ni mdogo kuliko Calvin. Elinipendo alimkata maneno.

"Huyu ana uzito wake," alisema. "Mwenzake tulimzidishia."

Kindness aliwakumbusha kwamba kisukari cha mimba mara nyingi huisha baada ya kuzaa, lakini kinaweza kurudi baadaye. Aikande apimwe tena wiki sita baada ya kujifungua, na kila mwaka baada ya hapo. Elinipendo akasema watapimwa wote wawili, hata yeye mzee.

Siku ya kwanza nyumbani, Elinipendo alipita katikati ya migomba na bakuli. Lilikuwa bakuli dogo. Ndani palikuwa na nyama zaidi na ndizi kidogo, na pembeni mnafu mwingi. Aliliweka mezani, akaketi, akampakata mjukuu. Hakuondoka. Aikande alikula mpaka akalifuta bakuli kwa kijiko, mama mkwe akimtazama.

Nyuma ya nyumba nguruwe alipiga kelele, akidai haki yake ya zamani. Elinipendo alimpelekea maganda.